Mume kakubali jina langu liingie kwenye hati ya shamba, shemeji zangu wamegoma (Umalila, Mbeya)

MamaMapacha

Habari za humu ndani wakuu. Mnisamehe mapema uzi utakuwa mrefu na naandika kwa simu, sola leo haijashika kitu maana huku kwetu mwezi wa pili ukungu unaingia asubuhi unatoka saa nane mchana ukijisikia.

Mimi ni mtu wa Mufindi, nimeolewa huku Umalila toka 2012. Bwana nilikutana nae kwetu alikuwa anapasua mbao, akaniambia kwao kuna udongo mweusi unachomeka fimbo inaota, kwenye hilo hakunidanganya ila hakuniambia habari ya milima. Huku shamba unalima umesimama kama unapanda ngazi, ukiangusha kiazi unakikuta kwa jirani wa chini.

Tuna watoto wanne, wa kwanza mapacha ndo maana hamna anaeniita jina langu. Tunalima viazi, mahindi kidogo ya kula (huku mahindi yanakaa shambani mpaka unayasahau sababu ya baridi) na pareto. Pareto nachuma mimi na watoto, kila baada ya wiki mbili hivi tunapita kwenye maua, ndo hela yangu ya chumvi, sabuni na madaftari.

Ardhi tuliyonayo ni sehemu mbili. Kuna heka mbili alizoachiwa bwana na marehemu baba mkwe, hizo nimezikuta. Afu kuna heka moja na nusu tumenunua 2018 kwa mzee mmoja aliyehamia kwa mwanae Chunya. Hela ya kununua ilitoka hivi, viazi vya msimu mzima, nguruwe wangu wawili, na kilichobaki nikakopa kikoba kwa jina langu nikalipa miezi tisa. Karatasi ya mauziano pale kwa mtendaji ikaandikwa jina la bwana peke yake, na mimi nikasaini sehemu ya SHAHIDI. Yani nimenunua shamba nikawa shahidi wa shamba langu. Kipindi kile wala sikuona shida, nilikuwa nawaza marejesho tu.

Sasa kijiji kimeingia kwenye kupimiwa, zinatolewa hati za haki miliki za kimila. Mwenyekiti alivyotangaza kwenye mkutano akasema mke na mume wanaweza kuandikwa wote. Tulivyorudi nyumbani bwana mwenyewe bila kuulizwa akasema "mama mapacha tafuta kitambulisho chako cha NIDA". Nilifurahi nikashindwa kula.

Furaha ikaisha jumapili. Kaka zake wawili wakaja, mkubwa akasema ardhi ya baba haiwezi kuandikwa mtu wa Iringa, kesho nikiolewa kwingine naondoka na shamba la ukoo mgongoni. Bwana akajibu kidogo tu afu akanyamaza, sio mtu wa kubishana na kaka zake. Wamesema kikao cha ukoo wiki ijayo. Wapimaji wanafika kitongoji chetu baada ya hapo.

Nifanyeje wakuu, nipiganie zote, niachie zote, au nikae kimya nisivunje nyumba? Matusi wekeni akiba, nitakuja kuyasoma jioni.

Sakitu

Siti ya mbele. Ngoja nilete kiti na mahindi ya kuchoma.

NusuHeka

Ndo maana sisi chama cha KATAA NDOA tunawaambia vijana kila siku hamsikii. Mwanaume analima miaka yote afu anaandika mwanamke kwenye hati. Siku akipata fundi simu wa mjini mnagawana milima. Kaka zake wana akili wape soda.

MamaMapacha

NusuHeka mwanaume analima? Ee na mimi hiyo miaka nilikuwa nampepea. Twende shambani taratibu. Bwana anakata matuta na kupulizia dawa, nakubali ni kazi, mvua ya huku ikishika, ugonjwa wa ukungu wa viazi unataka upulizie kila wiki au siku kumi, bomba la lita kumi na sita mgongoni kwenye mlima. Mimi napanda, naweka mbolea, napalilia, nainulia udongo, wakati wa kuvuna naokota na kuchambua, usiku napika, asubuhi natoa uchafu wa nguruwe. Afu mbegu. Mwulize bwana wangu habari ya mbegu atakwambia niulize mimi.

KichwaChaLumbesa

Hapo kwenye mbegu fafanua mama, mimi nalima Kikondo mbegu zangu zinanitoa machozi kila msimu.

MamaMapacha

Unachagua wakati wa kuvuna, kabla hawajaja wanunuzi, shina lililozaa vizuri lisilo na mnyauko. Kiazi saizi ya yai la kuku, sio kile kidogo ulichokosa mteja ukasema basi kitakuwa mbegu, hapo ndo mnapoharibu. Mimi nina kichanja nyuma ya jiko bwana alinitengenezea kwa mianzi, ghorofa tatu, chini nimeacha wazi hewa ipite na juu nyasi. Mwanga unaingia lakini jua halipigi. Unavitandaza kama mayai kwenye trei, visipandane. Baada ya muda vinakuwa vya kijani na machipukizi yanatoka mafupi manene, ukishika hayavunjiki. Mwaka wa kwanza bwana aliweka kwenye roba ndani chini ya kitanda, tulivyofungua tukakuta ndevu nyeupe zimefungana roba zima kama mchungaji wa zamani. Zote zikakatika wakati wa kupanda.

Na mnyauko bakteria ukishaingia shambani hamna dawa ya kupulizia, ng'oa shina na udongo wake katupe mbali, na hapo usirudishe viazi, nyanya wala bilinganya, zungusha mahindi.

Turudi kwenye hati jamani.

Mtu wa Mwanjelwa

Hii ni chai. Mwanaume wa kijijini aseme mwenyewe tafuta NIDA? Labda Umalila ya Ulaya.

MamaMapacha

Chai iko Mufindi nimeichuma toka darasa la tano, huku ni viazi.

Ila umegusa penyewe. Hakuwa hivi. Kilichombadilisha ni 2019 na sipendi kuisema ila ngoja niseme.

Tulivuna vizuri. Mimi nilikuwa na mimba ya huyu wa mwisho, miguu imevimba, nikabaki nyumbani siku ya kuuza. Huku kwetu ilikuwa kawaida tu mwanamke haendi kwenye gari, kazi yake imeishia kwenye kuokota. Dalali akaja na Fuso, bei elfu hamsini gunia. Jioni mtoto wa jirani ananiambia gunia ishirini na nane. Nikasema haiwezekani, mimi ndo nilipima kwa debe wakati tunavuta kwenda kwenye lundo, debe mia mbili thelathini na nane, nimeandika. Kwa gunia la kawaida debe sita ilitakiwa ziwe kama arobaini kasoro.

Mnajua kilichotokea. Lumbesa. Wana vijana wao wa kufunga, gunia likishajaa wanaweka majani pembeni kama ukuta, wanapanga viazi juu duara kwa duara, wanashonea na kamba mpaka gunia linakuwa na kichwa na mabega. Ukilitazama unaona ni gunia moja kweli, maana chini mfuko ni mmoja. Debe nane na nusu ndani. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo mia na habari ya mizani tunatangaziwa kila mwaka, ila mlimani hamna mizani, kuna dalali na Fuso na wewe una deni la mbolea. Laki sita ikaondoka na majani yale.

Na bwana hakurudi siku hiyo. Alirudi siku ya tatu na redio ya sola, kitenge, na laki nane. Mauzo yalikuwa milioni moja na laki nne, deni la mbolea laki tatu, hesabu mnaijua. Kuna laki tatu haina maelezo mpaka leo na mimi nimeacha kuiuliza, kitenge nilimpa mama mkwe.

Sikugomba. Nilimfungulia daftari mezani nikamwonyesha debe 238, nikaenda kulala. Aliikalia ile daftari na koroboi mpaka usiku sana, nilikuwa namsikia anahesabu kwa sauti. Asubuhi akasema msimu ujao ukishindwa kutembea nitakubeba kwenye toroli, utakaa pale kwenye gunia.

Toka 2020 nauza na yeye. Nasimama na debe langu la bati, likifika la sita nasema shona. Dalali wa kwanza aliondoka kwa hasira, wa pili akanunua. Majirani walisema nimemlisha bwana limbwata. Basi nimemlisha kwa daftari.

Dada wa Makambako

Mama mapacha nimekusoma nimelia na kucheka. Kamwene dada.

Usiachie hilo la kununua hata kidogo. Mimi mume wangu alifariki, tulikuwa na miche ya parachichi mia na ishirini, Hass, mashimo nimechimba mimi na yeye, tumemwagilia kwa ndoo kiangazi viwili. Imeanza tu kuzaa vizuri mwenzangu akaondoka. Kabla ya arobaini shemeji zangu wakaja kuhesabu miti. Sio kunihesabia mimi, kuhesabu. Kila kitu kilikuwa jina la marehemu. Nimezungushwa baraza la ardhi la kijiji, kata, miaka, nimepata nusu ya miti, ile ya upande wa mawe. Na walikuwa shemeji wazuri kabla, walikuwa wanakula kwangu.

MamaMapacha

Kamwene dada, pole sana. Hiyo ya kuhesabu miti imenikaa tumboni.

MzeeWaVifungu

Nimekaa kimya naona mnaongea kwa hisia, ngoja niweke sheria.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 inasema wazi mwanamke ana haki sawa na mwanaume kupata, kumiliki, kutumia na kugawa ardhi. Na mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke hiyo mila kwa sheria hiyohiyo ni batili. Kwahiyo "mtu wa Iringa haandikwi" sio hoja ya kisheria, ni hoja ya pombe.

Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 60, mali ikiandikwa jina la mmoja, dhana ya kwanza ni kwamba ni ya huyo mmoja mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiandikwa wote, dhana ni kwamba mna haki sawa. Sasa mama umeona tofauti ya kuwa shahidi na kuwa mmiliki? Ukiwa shahidi kazi ya kuthibitisha ni yako. Kifungu cha 114 ndo cha kugawana ndoa ikivunjika, mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja kwa hela, mali au kazi. Na hata mali aliyokuja nayo mmoja kabla ya ndoa, kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa nguvu za wote inaingia humo.

Kuna kesi kila mtu anaitaja, Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983, ndo ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango. Ila watu hawasomi mpaka mwisho. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, mahakama iliona mume alishampa hela za mradi akazitapanya.

NusuHeka

HAHAHA asante mzee, screenshot hiyo naitunza.

MzeeWaVifungu

Itunze na hii basi, huyu mama ana daftari. Bi Hawa angekuwa na daftari kama hili mawakili wangekula njaa.

Mama, kwenye urithi ni habari nyingine, Tangazo la Sheria za Mila la 1963 bado linawaumiza wajane, linataka mjane atunzwe na watoto wake badala ya kurithi. Ndo maana jina lako liingie mkiwa hai wote. Kwa heka mbili za baba yao jiandae kuvutana, maana kama mzee hakugawa rasmi kaka zake wana la kusema. Heka moja na nusu hawana hata mdomo.

Kinyungu

Mimi niko Kilolo, niongeze la shambani. Mleta uzi hilo la kununua linafika mtoni? Maana huku kwetu ndo kulikuwa na vilio. Kwetu mke anapewa kinyungu chake bondeni, kiangazi analima maharage, mboga, mahindi mabichi, hela yake mwanaume haulizi, ni heshima. Sasa kupima kulivyofika wakasema sheria ya mazingira ya 2004, mita sitini kutoka chanzo cha maji haigusiki. Vinyungu karibu vyote viko humo ndani. Wanaume wakapata hati za mashamba ya juu, wanawake waliokuwa wanakula bondeni wakabaki wanaangaliana. Mke wangu alininunia mwezi mzima kama mimi ndo niliitunga.

Na kingine, siku ya kupima simameni wote wawili kwenye mpaka na majirani wa pande zote wawepo. Asiepo ndo anaekuja kudai kesho yake.

MamaMapacha

Kinyungu linafika mtoni ndio, chini nimepanda maboga na magimbi. Sikuwaza kabisa hiyo mita sitini. Asante.

Mtu wa Mwanjelwa

Nafuta kauli ya chai. Ila swali, kwani bila hati unapungukiwa nini, si unalima tu?

MamaMapacha

Nilikuwa nafikiri hivyohivyo. 2022 pale nane nane viwanja vya John Mwakangale ilipozinduliwa mbolea ya ruzuku, DAP ya kupandia ikashuka kutoka laki na zaidi mpaka elfu sabini, tulijiandikisha fasta kijijini. Bwana akaandikisha kaya, jina lake, namba yake ya simu. Msimu umefika simu yake ikaibiwa Mbalizi kwenye mnada. Mvua zimeanza, mimi nimesimama kwa wakala na hela mkononi, NIDA mkononi, shamba najua ukubwa wake mpaka mawe, wakala anasema mama jina lako halipo, namba inaenda kwenye simu ya mwenye kaya. Mwenye kaya yuko Mbeya mjini kwenye foleni ya kurudisha laini. Nililima siku nne kabla mbolea haijafika. Hapo ndo nilijua jina ni kitu.

Sakitu

Mahindi yangu ya kuchoma yameisha na kikao bado. Mrejesho lini?

MamaMapacha

MREJESHO wakuu. Kikao kilikaa jana nyumbani kwa shemeji mkubwa. Nilipika mimi (yani nimewapikia watu waje wanijadili) nikakaa upande wa jiko na mama mkwe. Kikao chote kimalila, na kimalila changu pamoja na miaka yote hii ni cha kuombea maji, wakiongea haraka nabaki naangalia midomo.

Shemeji mkubwa aliongea sana. Nilishika maneno kama ukoo, baba, Iringa. Bwana alipopewa nafasi akasema kwa kiswahili, nadhani makusudi nisikie, kwamba la mtoni wamenunua yeye na mke wake, na mke wake alitoa nguruwe wawili na mkopo wa kikoba, na kama kuna kaka alichangia hata mia asimame aseme. Hakusimama mtu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, nilimwona, ameshika kofia anaizungusha.

Sasa la heka mbili ndo likawaka. Wakaanza kugombana wao kwa wao, kumbe mdogo nae ana lake, anasema baba hakugawa, alionyesha tu kwa fimbo. Hapo mama mkwe akaweka bakuli chini. Huyu bibi haongei kwenye vikao, na mimi sijawahi kumsikia anapandisha sauti hata kwa mbuzi. Aliongea kama dakika tano. Wifi akawa ananitafsiria pembeni. Kwamba wakati anaolewa pale palikuwa msitu wa mianzi mitupu, baba yenu alikuwa Chunya kwenye dhahabu, alikuja kuona shamba lishalimwa. Kwamba mpaka wa juu ule wenye jiwe la kukaa, jiwe alilibingirisha yeye akiwa na mimba ya huyuhuyu anaesema ardhi ya baba. Akauliza, baba yenu alionyesha kwa fimbo, mnajua nani alikuwa amelishika jembe?

Palikuwa kimya mpaka nikasikia kuku nje.

Msidhani walilia wakakumbatiana. Shemeji mkubwa akasema sawa basi heka mbili ziandikwe mama na watoto wake wa kiume watatu, kila mtu aendelee kulima anapolima. Mama mkwe akakubali. Mimi simo. La kununua tuandikwe mimi na bwana. Wakala ugali wakaondoka.

NusuHeka

Kwahiyo 1-0 kwa ukoo. Heka mbili kubwa umekosa.

MamaMapacha

Nimekosa ndio. Nimelima zile heka toka mapacha hawajazaliwa. Jana usiku nilikuwa na hasira sikulala, leo asubuhi nikawaza yule bibi miaka yote hiyo jina lake halijawahi kuandikwa popote isipokuwa kadi ya kliniki na sasa anaandikwa wa kwanza juu ya wanaume watatu. Bado nina hasira lakini sio ileile.

Dada wa Makambako

Chukua hilo la mtoni kwa mikono miwili dada. Na hakikisha wanaandika jina lako kama lilivyo NIDA, sio mama mapacha.

MzeeWaVifungu

Muhimu sana alichosema dada. Na daftari usichome.

MamaMapacha

Mrejesho wa mwisho, wapimaji wamekuja leo.

Vijana wawili na simu kubwa za kupimia, mjumbe, majirani pande zote. Tulizunguka mpaka wote, mimi mbele bwana nyuma, kila kona kijana anasimama anasubiri simu isome, mvua ya manyunyu juu. Kinyungu ubarikiwe, kweli tulivyofika chini wakahesabu kutoka mtoni, maboga yangu na magimbi yote yamebaki nje ya hati. Kama robo heka imeenda. Bwana alitaka kubisha nikamvuta shati.

Kwenye fomu kijana akauliza mmiliki nani. Bwana akasema andika wa kwanza huyu. Nikasema hapana andika kwa alfabeti yaishe. Kijana akacheka, kwa alfabeti nikawa wa kwanza vilevile. Hati yenyewe bado, wamesema majina yatabandikwa ofisi ya kijiji wenye pingamizi walete, ndo iende kusainiwa wilayani.

Kilichobaki ikawa picha, wanataka pasipoti saizi na mpiga picha alikuwa hapohapo. Ukuta wa kwetu ni udongo, akasema anataka nyuma peupe. Nikaenda kuchukua shuka la harusi, lile nilifunga sandukuni toka 2012, shemeji mdogo akashika kona moja na mtoto kona nyingine. Bwana akaazima koti la mjumbe, likambana mabegani. Mimi nilikuwa na udongo wa shambani shavuni, wala hamna aliyeniambia. Nimeiona kwenye simu ya mpiga picha, udongo upo.